Juu, Kulia

Kwetu gobore ni neno la taarifa ya habari:
limekamatwa, pamoja na mtuhumiwa, pamoja na pembe.
Hapa McArthur, Ohio, Verna Hosack
alilitoa uvunguni limeviringishwa shuka la maua,
akasema, "Delbert alitaka uwe nalo wewe,"
kisha akarudi jikoni kuzima birika
ambalo halikuwa limechemka.

Leo ni Jumamosi ya mwisho ya Desemba.
Wiki ijayo msimu unafunguliwa, siku nne tu,
nami niko nyuma ya kiwanda cha mbao tulikofanya kazi,
tumbo juu ya zulia la gari, kitako begani,
shabaha yangu sahani ya karatasi kwenye ubao,
nyuma yake kilima cha maranda yaliyoloa.
Yadi mia moja. Nilizipima kwa hatua, kisha kwa kamba,
kwa sababu hatua zangu hurefuka nikiwa na wasiwasi.

Vidonge viwili vya baruti. Risasi.
Mdeki unashuka mpaka kwenye alama aliyoichora kwa kisu,
unagota.
Fataki. Pumzi. Nusu ya pumzi.

Halafu moshi.
Hapa darubini haikusaidii kitu:
unafyatua, na dunia inashushiwa pazia jeupe
lenye harufu ya yai viza,
na ukweli wako unakungoja upande wa pili
bila papara.

Ya kwanza: juu, kulia.
Nikapitisha kitambaa chenye mate mtutuni,
kikatoka cheusi kama tako la sufuria.
Ya pili: juu, kulia.
Nikangoja chuma kipoe, nikanywa chai ya chupa.
Ya tatu, hapo hapo. Kizibo cha soda
kingeyafunika matundu yote matatu.
Gobore halikuwa limekosea. Lilikuwa linakumbuka.

Maana Delbert, mwaka wake wa mwisho,
mkono ulikuwa ukimtetemeka. Nilimwona
akishika kikombe kwa mikono miwili, akijifanya ana baridi,
mwezi wa saba.
Kila alipovuta kifyatulio, mtutu uliinama chini, kushoto.
Hakumwambia daktari, hakumwambia Verna;
alikuja hapa peke yake, akazungusha vifundo hivi viwili
mpaka darubini ikaongopa kiasi kile kile
mkono ulichoongopa,
na uongo juu ya uongo ukazaa katikati.
Kulungu wake alimpata. Nilikula soseji zake.

Inchi tatu kulia: mibofyo kumi na miwili kwenda kushoto.
Inchi mbili juu: minane kushuka.
Hesabu ya mtoto wa darasa la nne.
Nikafungua kifuniko, nikatia sarafu kwenye mfuo wa kifundo,
na sikuizungusha.

Kuna watu huhifadhi sauti ya marehemu kwenye simu.
Huyu aliacha mtetemo,
umepimwa robo inchi kwa robo inchi,
umefungiwa ndani ya chuma.

Lori la chumvi likapita barabarani.
Jua la saa tisa likaanza kuchoka juu ya magogo.
Kulungu hajui nani amekufa.
Nikimpiga tumboni kwa ajili ya kumuenzi mtu,
atakwenda maili mbili akivuja,
na huzuni yangu ataibeba yeye.

Tk.
Nilihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili,
lugha ambayo Delbert alijua maneno mawili tu,
"polepole" na "chumvi", nayo aliyachanganya.
Kumi na mbili. Kisha nane.
Kwenye utepe uliobandikwa kitakoni,
chini ya mwandiko wake wa penseli,
nikaandika: 12 kulia, 8 juu,
njia ya kurudia, iwapo siku moja
mkono wangu nao utaanza kuona baridi mwezi wa saba.

Nikashindilia. Nusu ya pumzi.
Hapakuwa na upepo. Moshi ukatua palepale,
nami nikabaki nimelala chini yake,
sina haraka ya kuona.